Slaidi 34 ndani ya dakika 15: kwa nini ukumbi unatupotea tukianza kuwasilisha mada?

#1 Mhandisi_Tabata

Wakuu, habari za jioni.

Baada ya wiki tatu nina mada kwenye kongamano la wahandisi hapahapa Dar, na sitaki kurudia ya mwaka jana. Mwaka jana nilipewa dakika 15, nikaandaa slaidi 34. Miezi minne ya kazi ya usiku, dira za maji, valvu, majedwali ya kila mtaa, vyote nilivishindilia mle. Nilipofika slaidi ya 11 mwenyekiti wa kikao akaninyooshea kikaratasi chekundu. Nikaanza kuruka slaidi mbilimbili, tatutatu. Hitimisho, ambalo ndilo lilikuwa kiini cha kazi yote, halikuonekana. Nikainua macho: safu za mbele wameinamia simu, za nyuma wanatoka kufuata chai. Maswali, hakuna hata moja.

Iliniuma kwa sababu kazi ilikuwa nzuri. Na wenzangu wanne wa kikao kile yaliwakuta yaleyale, wawili kati yao wakiwa watu wanaojua kuzungumza. Ndiyo maana nauliza: tatizo ni slaidi, ni msemaji, ni ratiba, au ni sisi wasikilizaji? Waliopita njia hii naomba mtiririke.

#2 KasukuWaPosta

Nimevuta kigoda. Uzi huu nilikuwa nausubiri.

#3 mwl_Kimara

Pole mleta mada. Hesabu yenyewe inakujibu: slaidi 34 kwa dakika 15 ni kama sekunde 26 kila moja.

Lakini hata kama zingekuwa 15, kuna jambo zito zaidi. Nafundisha chuo, nimekaa kwenye makongamano mengi upande wa wasikilizaji, na naona kosa lilelile. Mtu anaweka aya nzima ukutani kisha anaisoma. Macho yanasoma haraka kuliko mdomo. Wewe uko mstari wa pili, ukumbi umeshamaliza wa sita, na aliyekwisha kumaliza hana sababu ya kukusubiri. Simu ndipo inapotoka mfukoni.

Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, amelifanyia majaribio mengi jambo hili. Picha ikielezwa kwa sauti, watu wanaelewa zaidi kuliko picha ileile ikielezwa kwa sauti na maneno yaleyale yakiwa yameandikwa pembeni. Maandishi na sauti vinagombea mlango mmoja.

Kwangu jibu ni slaidi.

#4 Chachandu_Mwenge

Mnazunguka mbuyu. Maneno ni asilimia 7 tu ya mawasiliano. Sauti 38, mwili 55. Hii ni sayansi, imethibitishwa. Mleta mada jifunze kusimama, tembea jukwaani, tumia mikono, tazama watu machoni. Ukiwa na mwili wa kujiamini hata slaidi 50 watakaa.

#5 mwl_Kimara

Chachandu, ndugu yangu, namba hizo ni za kweli ila umezitoa nyumbani kwao. Ni za Albert Mehrabian, mwaka 1967. Alichunguza namna watu wanavyotambua hisia za msemaji, kama anapenda au hapendi, pale neno moja linapopingana na sauti au sura. Hakuchunguza mtu anayeeleza upotevu wa maji. Ingekuwa maneno ni asilimia 7, tungeangalia taarifa ya habari ya Kichina tukaielewa karibu yote.

Kutazama watu machoni nakubaliana nawe. Ila si kwa sababu ya namba hizo.

#6 Chachandu_Mwenge

Sawa mwalimu, nimelipokea. Lakini nabaki na langu: nimeona mtu mwenye slaidi mbovu akashika ukumbi, sijawahi kuona mtu mwoga mwenye slaidi nzuri akaushika.

#7 Mzee_wa_Upanga

Vijana, mnamwonea mwenzenu. Nimestaafu baada ya kukaa kwenye sekretarieti za mikutano miaka mingi, na nawaambia adui ni ratiba.

Kikao kimeandikwa saa 3:00. Mgeni rasmi anafika saa 4:15. Unakuja utambulisho, risala, hotuba, picha ya pamoja, chai. Mnarudi ukumbini saa 5:30. Muda uliopotea hauwezi kukatwa kwa mgeni rasmi, hauwezi kukatwa kwenye chakula cha mchana, kwa hiyo unakatwa kwa watoa mada. Mtu aliyeandaa dakika 15 anaambiwa ana 8 akiwa tayari ameshika maiki. Naye badala ya kupunguza mambo, anaongeza kasi.

Mhandisi, andaa mada tatu ndani ya moja: ya dakika 15, ya 10 na ya 5. Ujue mapema ni slaidi zipi zitabaki kwenye kila moja. Hitimisho lisikae mwisho, lipeleke mbele. Na salamu zako ziwe "itifaki imezingatiwa", basi, ingia kwenye jambo.

Zamani hatukuwa na ugonjwa huu. Tulitumia karatasi za plastiki zinazowekwa juu ya projekta ya kumulika, tukiziandika kwa kalamu maalumu. Kuandaa moja ilikuwa kazi, na zilikuwa ghali. Nilikwenda mikutanoni na karatasi nane. Ugumu ule ulitulazimisha kuchagua. PowerPoint imefanya slaidi kuwa bure, na cha bure hakina kipimo.

#8 KasukuWaPosta

Shikamoo mzee. Hapo umenena. Microsoft walipotengeneza PowerPoint mwaka 1990 ndipo mambo yalipoharibika.

#9 Injinia_Ubungo

Kasuku, kidogo tu. PowerPoint haikutengenezwa na Microsoft. Ilitengenezwa na kampuni ndogo iitwayo Forethought, na Robert Gaskins na Dennis Austin ndio waliokuwa nyuma yake. Ilitoka mwaka 1987 kwa kompyuta za Macintosh. Microsoft wakainunua kampuni mwaka huohuo kwa dola milioni 14. Mwaka 1990 ni toleo la Windows.

Na jambo la kuvutia kwa Mzee wetu: toleo la kwanza lilikuwa la kuchapisha karatasi zilezile za plastiki anazozikumbuka. Kwa hiyo ni mtoto wa zile nane zake.

#10 Mzee_wa_Upanga

Marahaba Kasuku. Injinia, hilo sikulijua, ahsante.

#11 Ndugu_Hesabu

Mimi ni mhasibu. Naomba nilete upande ambao hamjaugusa.

Wengi tunaokaa ukumbini tumekuja kwa ajili ya saa za mafunzo endelevu. Bodi za taaluma zinazihitaji ili mtu abaki kwenye rejesta. Ukishasaini daftari la mahudhurio, sehemu ya lililokuleta imeshatimia. Mtoa mada anadhani ana watu 200 waliokuja kumsikiliza, kumbe ana watu 200 waliokuja kuhudhuria. Hao lazima uwape sababu ndani ya dakika ya kwanza, la sivyo umewakosa mpaka chai.

Kwa hiyo msimalize yote kwenye fonti na rangi. Swali ni hili: mhasibu wa Kibaha anayekusikiliza Jumatano saa sita, kesho Alhamisi atafanya nini tofauti kwa sababu yako? Kama huna jibu, hata picha nzuri hazitasaidia.

#12 DadaWaKanga

Habari zenu. Nafanya kazi za lishe kwa jamii, lakini nimekulia dukani kwa mama, Kariakoo, tukiuza kanga. Nawapa nilichojifunza pale, kimenisaidia kuliko mafunzo yote ya kuwasilisha.

Kanga ina vitu vitatu. Pindo linalozunguka, mji wa katikati, na jina, yale maneno ya chini. Mteja anasimama hatua tano kutoka kaunta, mama anaitandaza, na ndani ya muda wa kuvuta pumzi mteja ameona mji, amesoma jina, ameamua. Hakuna kanga yenye majina sita. Hakuna kanga ambayo pindo limemeza mji.

Sasa tazama slaidi zetu. Pindo: nembo ya mwajiri, nembo ya mfadhili, nembo ya kongamano, tarehe, jina la mtoa mada, kwenye kila slaidi. Mji: jedwali la safu 14. Jina: "Matokeo". "Matokeo" si jina, ni kama kuandika "Kanga" kwenye kanga. Jina linatakiwa kuwa sentensi inayosema kitu. Badala ya "Hali ya udumavu" naandika "Watoto wanaanza kudumaa kabla hawajaanza kutembea". Chini yake naweka mchoro mmoja unaoonyesha hilo. Mtu aliyekuwa anajibu ujumbe kwenye simu, akiinua kichwa sekunde tatu, anakuwa amelipata.

Mama alikuwa na msemo wake kwa wanaojaza kaunta: tandaza moja, nyingine zisubiri.

#13 KasukuWaPosta

Dada, hili bandiko nimelihifadhi.

#14 mwl_Kimara

DadaWaKanga, umeeleza kwa kanga kile ambacho Michael Alley wa Marekani amekiandikia kwa miaka: kichwa cha slaidi kiwe dai, si mada, na mwili wake uwe ushahidi wa dai hilo. Wanafunzi wangu hawakunielewa nilipowafundisha kwa maneno yake. Kesho naingia darasani na kanga.

Ila nakupinga mahali pamoja. Majina mengi ya kanga ni mafumbo, yanalenga mtu fulani anayejijua. Kwenye kongamano fumbo halifai. Jina lisomeke namna moja kwa wote.

#15 DadaWaKanga

Nimekubali mwalimu. Chukua ufupi wake, acha fumbo lake.

#16 FundiMitambo

Nimekaa nyuma ya mitambo kwenye kumbi za jiji hili miaka mingi. Kutoka nyuma unaona yasiyoonekana jukwaani, kwa hiyo nitakuwa mrefu kidogo, mnivumilie.

La kwanza, projekta haina rangi nyeusi. Yenyewe inamulika mwanga tu. Palipo nyeusi kwenye slaidi yako haimuliki kitu, na unachokiona pale ni kitambaa cha skrini kikiwa kwenye mwanga wa ukumbi. Saa tano asubuhi Dar mapazia yakiwa wazi, nyeusi yako ni kijivu. Ndiyo sababu usuli wa bluu iliyokoza wenye herufi nyekundu unaonekana mzuri kwenye laptopu ukifika ukutani unakufa. Ukumbi wenye mwanga: usuli mweupe, herufi nyeusi. Ukumbi wa giza: kinyume chake kinawezekana. Hujui ukumbi? Chagua mweupe. Na mistari ya grafu usiitofautishe kwa nyekundu na kijani peke yake. Wapo wanaume wasiotenganisha rangi hizo, na projekta iliyochoka inazifanya zifanane hata kwa wenye macho mazima.

La pili, umbo la skrini. Kumbi nyingine bado zina projekta za 4:3, umbo linalokaribia mraba, nyingine 16:9, umbo pana kama la televisheni za siku hizi. Uliza mapema, la sivyo slaidi yako itabanwa katikati na herufi zitapungua.

La tatu, flashi. Watu wanakuja na flashi dakika mbili kabla, video haichezi kwa sababu waliiunganisha tu, faili lake limebaki nyumbani. Fonti waliyotumia haimo kwenye kompyuta ya ukumbi, mistari yote imehama. Beba nakala mbili, moja ya kawaida na moja ya PDF, na jitumie kwenye barua pepe pia. Ukija na laptopu yako, njoo na adapta yake. Waya wa ukumbini unaweza kuwa HDMI au VGA, tundu lako likawa la USB-C tu.

La nne, funga WhatsApp kwenye laptopu. Nimeona ujumbe wa nyumbani ukipita juu ya grafu mbele ya watu 300. Iliniuma kwa ajili yake.

La tano, wachache wanajua hili: slaidi zikiwa zinaonyeshwa kwenye PowerPoint, bonyeza herufi B skrini itakuwa nyeusi, watu watarudisha macho kwako. Bonyeza tena irudi. Na mtu akiuliza kuhusu slaidi ya 7, andika 7 kisha Enter. Hakuna haja ya kurudi nyuma mojamoja ukumbi ukikusubiri.

Mwisho, umeme. Genereta inaweza kuwaka haraka, lakini projekta ya taa ikizimika ghafla inahitaji kupoa kabla ya kuwaka tena, ni dakika kadhaa. Ujue utasema nini kwenye giza hilo. Nimewaona wanaoendelea kama vile hakuna kilichotokea, na hao ndio ukumbi unawapigia makofi.

Njoo nusu saa kabla ya wageni. Tutakuhudumia vizuri, tunapenda kazi yenu ionekane.

#17 Mhandisi_Tabata

Wakuu, nashukuru. FundiMitambo, nyekundu na kijani ndizo nilizotumia kwenye grafu zangu zote.

Nimekaa na bandiko #12 usiku kucha. Kichwa changu cha mwaka jana kilikuwa "Tathmini ya Upotevu wa Maji katika Mtandao wa Usambazaji". Nimejaribu kuandika jina la kanga. Kazi yenyewe ni hii: tunafunga dira kubwa kwenye bomba linaloingia mtaani na kutazama maji yanayopita kati ya saa 8 usiku na saa 10 alfajiri. Muda huo watu wamelala, matumizi yako chini kabisa, kwa hiyo sehemu kubwa ya kinachopita ni kinachovuja. Mtaa ambao maji yake hayalali ndio uchimbwe kwanza. Nimefika hapa: "Saa nane usiku, bomba linalovuja ndilo pekee lililo macho."

#18 DadaWaKanga

Hilo nalinunua doti nzima.

#19 Sister_Magomeni

Jina zuri, lakini nina swali, na naamini utaulizwa ukumbini. Kwetu maji yanakuja kwa mgao, na mara nyingi ni usiku. Saa nane usiku mimi niko macho najaza tenki, na majirani zangu wote. Dira yako ingesema mtaa wetu unavuja, kumbe tunakinga. Hapo utajibuje?

#20 Mhandisi_Tabata

Sister, umeweka kidole penye kidonda. Ndiyo maana kipimo hiki kinafaa pale maji yanapotoka muda wote. Penye mgao lazima tuwe na dira za sampuli kwenye nyumba, zisomwe saa zilezile, halafu matumizi hayo yatolewe kwenye jumla. Tulifanya hivyo kwenye mitaa miwili. Lilikuwa slaidi ya 27, haikuonekana na mtu.

#21 mwl_Kimara

Basi usiirudishe katikati ya mada. Iweke baada ya slaidi ya mwisho, kama slaidi ya akiba. Ukiulizwa, unaandika namba yake na Enter kama alivyosema Fundi. Mtu aliyeulizwa swali akalifungulia slaidi anaonekana amelifikiria kabla yao. Na katikati ya mada sema sentensi moja tu: penye mgao tunapima tofauti, ukitaka kujua niulize.

Nakuonya pia kuhusu jina lako. "Pekee" limezidi. Sister yuko macho.

#22 Mhandisi_Tabata

Nimelitoa. "Saa nane usiku, bomba linalovuja haliwezi kujificha."

#23 Injinia_Ubungo

Kwa wanaodhani haya ni mapambo tu, niwape kisa ambacho mhandisi yeyote anapaswa kukijua.

Tarehe 16 Januari 2003 chombo cha anga Columbia cha NASA kilirushwa. Kipande cha povu kikabanduka kwenye tangi la nje na kupiga bawa la kushoto. Chombo kikiwa angani, wahandisi walitathmini madhara na kuwasilisha kwa slaidi. Kichwa cha slaidi mojawapo kilisomeka kama kutuliza mioyo. Chini kabisa, kwenye vijimstari vya ngazi za ndani, ndiko kulikoandikwa kwamba kipande kilikadiriwa kuwa inchi za ujazo 1,920, ilhali majaribio waliyoyategemea yalitumia vipande vya inchi za ujazo 3. Yaani mara 640. Habari kubwa kuliko zote ilikaa mahali pa chini kuliko pote. Tarehe 1 Februari chombo kikasambaratika kikirudi, watu wote 7 wakafa. Edward Tufte, mtaalamu wa Marekani wa namna ya kuonyesha takwimu, aliichambua slaidi ile neno kwa neno, na bodi ya uchunguzi ikaizungumzia kwenye ripoti yake mwaka huohuo.

Kwa hiyo tukisema jambo kubwa liwe kwenye kichwa na kwa sentensi kamili, hatuzungumzii urembo.

#24 Mzee_wa_Upanga

Kisa kizito, Mungu awarehemu. Lakini mwanangu, usiibebeshe PowerPoint mzigo wote. Shirika lililokuwa halitaki kusikia habari mbaya lingezificha hata kwenye waraka wa kurasa mia. Nimeandika kumbukumbu za vikao vingi, najua namna sentensi ngumu inavyoshushwa chini ya ukurasa bila projekta yoyote.

#25 Injinia_Ubungo

Mzee, inawezekana vyote viwili. Ila mtindo wa vijimstari ulirahisisha kuificha.

#26 Chachandu_Mwenge

Nimerudi na kanuni nyingine. Ni ya Guy Kawasaki, mwekezaji na mwandishi wa Marekani: slaidi 10, dakika 20, herufi zisipungue pointi 30. Mhandisi afuate hiyo, kazi imeisha.

#27 Ndugu_Hesabu

Hiyo ipo kweli, Chachandu, lakini Kawasaki aliitoa kwa wajasiriamali wanaoomba mtaji kwa wawekezaji. Mhandisi haombi mtaji, anatoa ushahidi. Pointi 30 ninaipenda. Slaidi 10 si sheria. Grafu moja ngumu inaweza kula dakika tano, na picha tano za mabomba zikala dakika moja.

Na kama ni kufuata wakubwa, Jeff Bezos aliondoa PowerPoint kwenye vikao vya viongozi wa Amazon mwaka 2004, wakawa wanasoma waraka kimya kabla ya kujadili. Sisi tungeweza kuwatumia washiriki muhtasari wa kurasa mbili siku moja kabla, slaidi zikabaki picha tu.

#28 Mzee_wa_Upanga

Muhtasari wa siku moja kabla hausomwi. Nimeugawa miaka 20.

#29 Mkalimani_Kibandani

Salaam. Mimi ni mkalimani, nakaa kwenye kile kibanda cha kioo nyuma ya ukumbi. Tunakuwa wawili, tunapokezana kila dakika 20 hadi 30 kwa sababu ubongo unachoka. Nikiwasoma nyote naona mmeacha lugha.

Mtoa mada wetu anaandika slaidi kwa Kiingereza, anafikiri kwa Kiswahili, anazungumza mchanganyiko. Akiambiwa muda umebaki dakika tatu anaanza kusoma Kiingereza chake kwa kasi, na hapo anawapoteza wawili kwa mpigo: msikilizaji na mimi. Tarakimu ndizo hututoka kwanza. Akitaja namba nne mfululizo bila kupumua, mgeni mwenye kisikilizio masikioni atapata mbili.

Tangu Agosti 2019, wakuu wa SADC walipokutana hapahapa Ukumbi wa Julius Nyerere na kukipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya nne, nimekuwa nikisubiri kuona wataalamu wetu wakiwasilisha kwa Kiswahili bila kuomba radhi. Wapo, na ukumbi huwa unachangamka. Maswali yanatoka hata kwa wasiouliza kamwe. Mhandisi, maswali ulikosa kwa sababu gani? Mimi nadhani watu waliogopa kuuliza kwa Kiingereza.

Na tafadhali, tutumieni slaidi siku moja kabla. Mzee wa Upanga, sisi tunazisoma.

#30 Sister_Magomeni

Dada mkalimani, la lugha nakuunga mkono, ila kuna utata. Mwalimu #3 alisema maandishi na sauti vinagombana. Kwangu wodini, nikitoa mada kwa Kiswahili, dawa na vipimo bado vina majina ya Kiingereza. Nisipoyaandika ukutani, wauguzi wapya hawayashiki. Nikiyaandika, wananielewa.

#31 mwl_Kimara

Sister uko sahihi, na Mayer mwenyewe anaweka mpaka huo. Kwa maneno ya kitaalamu, na kwa wasikilizaji wa lugha ya pili, maandishi machache yanaweza kusaidia badala ya kuzuia. Huenda basi kwetu kanuni ya "ondoa maandishi" inahitaji kulegezwa kidogo. Sentensi moja na maneno magumu, ndiyo. Aya, hapana.

#32 Sister_Magomeni

Niongeze moja kwa Mhandisi, kabla sijaingia zamu. Fanya mazoezi kwa sauti, umesimama, saa mkononi. Kusoma kimya hakuhesabiki, kichwani kila mtu anamaliza kwa wakati. Mada yangu ya kwanza niliifanyia mazoezi barazani mbele ya shangazi yangu aliyekuwa anachambua mchele. Kila mikono yake iliposimama nilijua nimempata, ilipoendelea nilijua nimempoteza. Nilikata slaidi sita kwa kutazama ule mchele. Na dakika ya kwanza ihifadhi moyoni neno kwa neno, kwa sababu hapo ndipo sauti inapotetemeka.

#33 Mhandisi_Tabata

Wakuu, nimerudi. Mada nimeitoa jana.

Tulianza kwa kuchelewa kama Mzee alivyotabiri, dakika 15 zikawa 9. Nilikuwa na ya 10 tayari mkononi. Slaidi tisa. Niliwasilisha kwa Kiswahili, istilahi zikiwa ukutani kwa lugha zote mbili. Nilipofungua ile grafu ya usiku nikanyamaza kidogo, nikaona simu zinainuliwa. Moyo ukashtuka, kisha nikaelewa kuwa wanapiga picha.

Maswali yalikuwa manne. La pili lilikuwa la matenki ya usiku, Sister. Nikaandika 12, Enter.

Lililoniangusha: grafu moja niliisahau na rangi zake za zamani. Mzee mmoja wa safu ya nne alinifuata baadaye akaniambia aliona mstari mmoja tu. Fundi, nisamehe.

#34 DadaWaKanga

Hongera sana! Ni jina lile lililofanya kazi.

#35 Mzee_wa_Upanga

Hongera mwanangu. Ni zile mada tatu ndani ya moja. Ungekuwa na ya dakika 15 tu ungekatwa tena.

#36 Mkalimani_Kibandani

Maswali manne ni ya Kiswahili.

#37 Ndugu_Hesabu

Hongera. Swali moja la uchunguzi: mwaka jana ulikuwa saa ngapi, na safari hii saa ngapi?

#38 Mhandisi_Tabata

Mwaka jana kabla tu ya chai. Jana saa nane mchana, baada ya chakula.

#39 Ndugu_Hesabu

Saa nane mchana ndiyo saa ya usingizi, kwa hiyo ratiba haikukubeba. Walikuwepo watu wa mamlaka za maji ukumbini?

#40 Mhandisi_Tabata

Wengi kuliko mwaka jana. Maswali matatu kati ya manne yalitoka kwao.

#41 Ndugu_Hesabu

Basi huenda ni wasikilizaji waliobadilika.

#42 Chachandu_Mwenge

Hongera mkuu. Ulisimama wapi, nyuma ya meza au mbele?

#43 Mhandisi_Tabata

Mbele, Chachandu. Ulinishawishi.

#44 Sister_Magomeni

Hongera Mhandisi. Ile slaidi ya 12 unaweza kuiweka hapa? Nataka kuwaonyesha majirani. Kuna bomba karibu na msikiti linatoa sauti usiku hata siku ambazo hakuna mgao, na tumekuwa tukibishana nalo tangu Ramadhani.

#45 Mhandisi_Tabata

Naiweka leo jioni, rangi nikishazibadilisha. Kwa hilo bomba, usiku wa leo subiri wote mfunge valvu za matenki, halafu sikiliza tena na uniandikie ni saa ngapi.